Mwambieni Bibi Acheke

Zuwena binti Akida alizaliwa Ngokolo, Shinyanga mjini, katika nyumba ya muuza vitenge, akalelewa kwa chai ya tangawizi na hadithi za bibi yake. Hivyo viwili ndivyo alivyobeba alipopelekwa kufundisha chekechea katika kijiji kimoja upande wa Nyarugusu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tangawizi iliisha upesi. Hadithi ndizo zilizomponza.

Si kwamba kule hakukuwa na hadithi. Zilikuwepo tele, lakini zilisimuliwa usiku, kwa Kisukuma, na mkubwa anayeota moto pamoja na watoto. Hii ya kusimuliwa mchana kweupe, kwa Kiswahili, tena na mtu anayeitwa mwalimu, watoto waliichukulia kuwa ni habari ya kweli. Akitaja fisi, wawili watatu wanaangua kilio, na mmoja anatimka kwenda kuwaita wanaume waje na mishale.

Zuwena alikuwa mbishi, hakukata tamaa. Akatundika kanga yake mlangoni. Kanga ikipanda mabegani, hadithi imeingia, na mwalimu si mwalimu tena, ni sungura au mfalme. Ikirudi mlangoni, hadithi imetoka. "Imeingia?" anauliza. "Imeingiaaa!" wanaitikia wote kwa pamoja. Baadaye akawapa kanga wenyewe, kila mtoto kwa zamu yake. Limi, binti wa Bujiku, ambaye mwanzoni alikuwa akijificha chini ya benchi, sasa ndiye aliyeing'ang'ania mpaka anyang'anywe. Zuwena alifurahi mno. Angeambiwa siku zile kwamba furaha ile ina mkia, angecheka.

Uji wa watoto ulipikwa na Bibi Nyamizi, mjane asiye na mtoto, macho mekundu kwa moshi wa samadi. Maskini, kwa miaka ile mambo hayo matatu yalitosha kumtia mwanamke hatiani kwa uchawi kabla hajafungua kinywa. Mwaka uliotangulia ajuza mmoja wa ng'ambo ya mto alikutwa ndani kwake amekatwa mapanga, na jirani zake wote wakasema hawakusikia kitu. Zuwena aliyajua hayo, kama alivyojua kwamba kule fisi husemwa kuwa ni mnyama wa wachawi.

Basi siku moja mvua ilivuja ikailoanisha kanga chapachapa. "Chukua hii, mwanangu," Nyamizi akasema, akavua kaniki ya mabegani mwake, nyeusi, yenye kiraka cheupe cha mfuko wa unga. Zuwena akajitanda bila kufikiri. Akawa fisi mlezi, yule aliyeomba kazi ya kulea mtoto mchanga akammeza mzimamzima, hadi siku chura alipomchekesha, akacheka, akacheka, na mtoto akaruka nje akiwa mzima. Watoto walicheka mpaka wakagaragara. Nyamizi naye alicheka, mwiko mkononi.

Masika hayajaisha, mdogo wake Limi, kichanga cha kunyonya, akashikwa na degedege akafa. Bujiku, baba yake, alikuwa mkuu wa walinzi wa jadi, wale wa pinde na filimbi. Hakulia. Siku zote za matanga alikuwa akiwatazama watu waliokuja kumpa pole, mmoja mmoja.

Asubuhi moja jiko la uji halikuwashwa. Zuwena akawauliza watoto kama wamemwona bibi.

"Yuko ghala la pamba," Limi akasema. "Baba na wenzake wamemfungia. Nimewaambia mdogo wangu yumo tumboni mwake. Nimewaambia, mwambieni bibi acheke, mtoto atatoka."

Uso wake ulikuwa umejaa matumaini. Zuwena akawasimamisha watoto, wakashikana mikono, akawaongoza hadi ghalani.

Wanaume walikuwa wameketi duara, pinde magotini. Nyamizi alikuwa chini katikati yao, mabega wazi, na kaniki ilikuwa imelala mbele ya Bujiku.

"Shikamoo, Baba Limi."

"Marahaba. Mwalimu, hapa si shule."

"Naomba niazime hiyo nguo kidogo tu. Kisha mfanye mnavyojua."

Hakumkatalia. Zuwena akajitanda, akabweka kama fisi, akaivua. "Imetoka?" "Imetokaaa!" Akamvisha mtoto wa kwanza, naye akabweka. Akamvisha wa pili. Limi alipovaa, alichechemea kuzunguka duara, akawanusa wanaume miguuni, na mzee mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Wengine wakafuata. Zuwena akapiga magoti mbele ya Limi, akamvua kaniki taratibu, akamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba ule ulikuwa mchezo, bibi hana mtoto tumboni, na mdogo wake hatarudi. Ni hapo Limi alipolia, mara ya kwanza tangu msiba.

Bujiku alimtazama binti yake akilia. Kisha akaiokota kaniki, akamtupia Nyamizi. "Nenda nyumbani kwako, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Zuwena alishusha pumzi. Angekuwa mjanja angeondoka saa ile ile, lakini alikuwa akifuta machozi, na Bujiku alikuwa amewageukia watoto.

"Na nyie," akauliza kwa upole, "nani amewafundisha kugeuka fisi?"

"Mwalimuuu!" wakaitikia wote kwa pamoja, kama alivyowazoesha.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee yule aliyecheka wa kwanza aliinua upinde wake, akauweka vizuri magotini.

Nyamizi ndiye aliyemshika mkono nje ya ghala. "Panda lori la pamba sasa hivi, mwanangu. Nguo zako utaletewa. Mimi macho haya ya watu nimeyazoea, wewe hujayazoea."

Alipanda juu ya marobota pamoja na abiria wengine. Gari lilipokuwa linaondoka, watoto, waliokuwa wamerudi shuleni, walitoka mbio, Limi mbele, kanga ya mwalimu mabegani, wote wakibweka kama fisi kwa nguvu zao zote, kumuaga. Zuwena akawapungia mkono. Abiria walimtazama, kisha mmoja baada ya mwingine wakajisogeza mbali naye.