Filimbi ya Tangi la Noella

Tangu mumewe Armand amkimbie na kuhamia kwa Claudette, nyumba ya ng'ambo ya barabara, Noella Thibodeau alikuwa amejiapiza kwamba hatamwomba mwanamume yule hata kiberiti. Baridi ilipokuja, akaenda mjini kuomba mafuta ya boila ya kupashia nyumba joto, yanayolipiwa na serikali kwa wasiojiweza. Akakubaliwa, na leo gari la mafuta lilikuwa limesimama uani kwake.

Leland, dereva, alichomeka mpira kwenye bomba la ukutani liendalo kwenye tangi chini ya nyumba, akafungulia kidogo, akatega sikio. Akafunga.

"Bi Noella, tangi lako halipigi filimbi."

"Si mafuta yapo? Wewe mimina tu."

"Mafuta yakiingia, hewa inasukumwa nje na filimbi inalia. Tangi likijaa, inanyamaza. Isipolia kabisa nitajuaje kama sijakumwagia chini ya nyumba? Tafuta fundi kwanza. Nitarudi mwisho wa mwezi."

Asubuhi hiyo Noella alikuta maji ya paka yameganda bakulini. Mwisho wa mwezi wangemkuta na yeye hivyo hivyo.

"Ngoja," akasema. "Hilo huchelewa kuamka. Nashuka kuligonga."

Akashuka chini ya nyumba, wala hakugonga kitu. Alisimama kwenye kidirisha, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

"Haya, limeamka!" Leland akafungulia.

Noella akapuliza mpaka macho yakamtoka. Mara mlango wa Claudette ukafunguka, Armand akavuka barabara mbio, ndara miguuni, akikanyaga theluji. Miaka yote ya ndoa mluzi ule ndio uliokuwa ukimwita mezani, na miguu yake ilikuwa haijapata habari kwamba ameacha mke.

"Noella! Kuku ameiva?"

Mluzi ukakatika. Leland akafunga mafuta upesi. "Limejaa tayari?"

"Limejaa nini? Huyo ni mke wangu anapiga mluzi!"

"Mke wako nani?" sauti ikatoka kidirishani. "Mke wako yuko ng'ambo, anakuunguzia mayai!"

Leland alicheka mpaka akashikilia gari. Kisha akatikisa kichwa. "Bi Noella, ungekuja kuogelea kwenye mafuta humo ndani."

Armand alichungulia bomba la kutolea hewa. "Ni nyigu. Kila kiangazi wanalijaza udongo. Mimi ndiye niliyekuwa nalizibua."

Noella alipanda juu, mikono kiunoni. "Sikuombi kitu, Armand."

"Hujaniomba."

"Basi usisimame uani kwangu kama nguzo. Zibua."

Akazibua kwa waya, vidole vya miguu vimemwiva kwa baridi. Leland akafungulia tena, na filimbi ikalia yenyewe, nyembamba, ndefu, mpaka tangi likapata haki yake, likajaa. Chini ya nyumba boila ikanguruma.

Armand akanusa mlangoni. "Kwa hiyo kuku hayupo?"

"Yupo. Wa mtu mmoja."

Akafunga mlango. Serikali ilikuwa imelipia joto la ndani, si la uani.