Jani la Jumatatu

Siku tuliyomaliza matanga ya mama, nguo zake zilitolewa sandukuni zikatandazwa juu ya mkeka ili zigawiwe. Kwetu ndivyo ilivyo. Kitenge kinakwenda kwa dada, kanga kwa wifi, sweta kwa jirani aliyemuuguza, na kabla jua halijazama marehemu ametawanyika kijiji kizima. Mimi nikasema hapana. Nikasema nguo zote nitazikata, nizishone blanketi moja la viraka, baba alale nalo.

Sababu ilikuwa ya kweli. Tangu mazishi baba hakukanyaga chumba chao cha kulala. Alikuwa akilala ameketi kwenye kiti cha sebuleni, koti mwilini, na asubuhi anaamka shingo imekakamaa. Tulipomuuliza alisema kitanda kimekuwa kikubwa. Ilikuwapo na sababu nyingine ambayo sikuitaja. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku mbili ya akina mama kule Songambele, nikashona foronya moja ya viraka, nikasifiwa, na sifa zikanipanda kichwani.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakunificha.

"Nguo za marehemu zinagawanywa, hazikatwi," alisema. "Ukiziharibu, utakuwa umemzika mama yako mara mbili. Tutaliona hilo blanketi siku ya kujengea kaburi."

Siku hiyo ilikuwa wiki sita mbele. Ndugu zangu wakaondoka mikono mitupu kwa ajili ya mdomo wangu.

Nilipanga kukaa pale Kamuli kwa baba siku chache tu, kisha nizibebe nguo nikazishone kwangu Nyakasimbi, nilikoolewa. Siku ya tatu nikaenda shambani kukata ndizi. Mvua ilikuwa imenyesha, nikateleza na mkungu kichwani. Mkungu ulipona. Mimi nilirudi kutoka hospitali na hogo jeupe la plasta kuanzia vidole vya mguu hadi gotini, na amri ya kutoukanyagia mguu ule kwa miezi miwili. Kupanda pikipiki kwa barabara ile ya makorongo hakukuwezekana. Mume wangu akaniletea kanga mbili na mswaki, akarudi kwa watoto.

Tukabaki wawili sebuleni, mimi kwenye godoro chini ya dirisha, baba kwenye kiti chake, na mlango wa chumbani umefungwa. Dirisha lenyewe halikuwa na cha kunionyesha. Ilikuwa migomba, na nyuma ya migomba, migomba. Nimekulia ndani ya shamba lile na sikuwahi kuliona kuwa ni ukuta mpaka siku niliposhindwa kutoka. Mvua ikinyesha nilisikia bati, isiponyesha nilisikia nzi. Ngozi iliniwasha ndani ya hogo na sikuwa na pa kujikuna. Baba alinipikia. Mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kumenya ndizi, sasa alizimenya kama anayechonga mpini wa jembe, na kilichofika sufuriani kilikuwa nusu ya ndizi. Nilikula hivyohivyo.

Jumatatu nikaanza kukata. Kule kwenye mafunzo tulipimia kipande cha kadibodi ili viraka vyote vilingane. Changu kilikuwa Nyakasimbi.

"Tata, nikatie jani la mgomba," nikamwambia baba.

Hakuuliza la nini. Kwetu hakuna kazi ambayo jani la mgomba halifanyi. Ni sahani, ni mwavuli, ni mfuniko wa sufuria. Nikalikata mraba wa viganja viwili kila upande, nikaliweka juu ya kitenge cha kijani cha mama, na mkasi ukaingia. Nilipomaliza nikalilaza jani chini ya Biblia lisijikunje.

Jumanne nilikata kanga zake za jikoni, zilizokuwa bado na harufu ya moshi. Jumatano na Alhamisi nikamaliza vitenge vingine. Ijumaa ikabaki gauni la bluu la kanisani, ambalo nililiacha la mwisho kwa sababu sikuwa na moyo wa kulikata. Nikalikata. Jani lilikuwa limegeuka rangi ya chai, lakini kingo zake zilikuwa bado zimenyooka, nami nikaliamini.

Wiki iliyofuata nikaanza kushona, na hapo ndipo nilipoingia jela kwelikweli. Viraka havikukutana. Nikiunganisha pembe hii, ile inakimbia. Nikinyoosha mstari mmoja, wa pili unavimba katikati, na nikiupiga kwa kiganja unavimba pembeni. Nikafumua. Nikashona tena, nikafumua tena, hadi kanga moja ikaanza kuchanika kwenye matundu ya sindano. Nililaumu uzi. Nililaumu macho yangu, kisha taa, kisha mwalimu wa Songambele na sifa zake za bure. Siku moja baba aliniuliza tu kama ninataka uji, nikamfokea kwamba simo humu ndani kwa ajili ya uji. Alitoka akaenda kusimama uani kwenye manyunyu bila kofia, nami nikashindwa hata kuinuka nikamwombe radhi. Nililia kwa hasira. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini haya yalikuwa yananizamisha, na mtu mwenye mguu mmoja hakimbii.

Wiki nne tangu matanga zikapita hivyo. Zikabaki mbili.

Asubuhi moja baba alikuwa akitafuta kitu cha kufunikia sufuria. Mvua ilikuwa kubwa, hakutaka kwenda shambani. Akainua Biblia, akalitoa jani langu, akaligeuzageuza.

"Hili ni la lini?"

"La Jumatatu ile ya kwanza. Liache, Tata, ndicho kipimo changu."

Akaniangalia. Kisha akainama, akachukua kiraka cha kijani kutoka kwenye fungu langu, akaliweka jani juu yake. Kitenge kilichungulia pande zote nne, karibu upana wa kidole. Akachukua kiraka cha bluu. Hicho kilichungulia kidogo tu.

"Mawe!" akasema, ndivyo tunavyoshangaa kwetu. Halafu akacheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Tangu tumzike mama sikuwa nimekisikia kicheko kile. "Umezaliwa chini ya mgomba, umebebwa mgongoni chini ya mgomba, leo unamshonea baba yako blanketi kwa jani linalonyauka!"

Nilitaka kucheka naye. Sikuweza. Nilikuwa nimeelewa kwamba kosa halikuwa kwenye kushona, ambako kunafumuliwa. Lilikuwa kwenye kukata, na kitambaa kilichokatwa hakiungiki. Kila siku ya wiki ile jani lilikuwa limesinyaa kidogo, na kila siku nilikata viraka vidogo kuliko vya jana. Gauni la bluu nililoliheshimu kuliko yote ndilo nililolipunja. Sasa kichwani nilimwona shangazi mlangoni siku ya kaburi, na ndugu zangu nyuma yake.

Njia ilikuwa moja tu, nami niliichukia. Nilikata kiraka cha kadibodi kutoka kwenye boksi la sabuni, saizi ya kiraka cha bluu, kilicho kidogo kuliko vyote. Kisha nikaanza kuvipunguza vingine vyote vilingane nacho. Nikazikata nguo za mama mara ya pili. Vijipande vyembamba vya kijani, vya njano, vya maua, vilijaa mapajani mwangu, na baba akawa anavikusanya kimyakimya kwenye ungo. Hakuna hata kimoja alichokitupa.

Safari hii viraka vilikutana. Nilishona tangu chai ya asubuhi mpaka macho yakafanya ukungu. Vidole vilitoboka, nikavifunga kitambaa. Baba alikaa kwenye kiti chake akinitungia uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yake ya mbali yameisha lakini ya karibu anayo. Ndani nilitia blanketi kuukuu, nyuma nikatandika shuka. Nilimaliza siku moja kabla ya kaburi.

Walikuja. Saruji ilimwagwa, mchungaji akaomba, watu wakarudi nyumbani kula. Nami nikiwa palepale kwenye godoro, hogo langu juu ya kigoda, nikalitandaza blanketi mbele yao. Kila mmoja akatafuta nguo anayoikumbuka. Dada yangu akaweka mkono kwenye kiraka cha jikoni, akakinusa. Shangazi alilipima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Limekuwa fupi," alisema. "Hili ni la mtoto."

Lilikuwa fupi kweli. Nilijua tangu nilipofunga fundo la mwisho, ila nilikuwa nimeomba Mungu asilione mwingine.

Baba alinyanyuka, akalikunja blanketi mkononi, akaenda kwenye mlango wa chumbani. Akaufungua. Mlango ulikwama kidogo chini, ulikuwa umevimba kwa unyevu. Tulimsikia akivua viatu, kimoja, kisha cha pili, na kitanda kikalia. Watu waliacha kutafuna. Shangazi akamfuata hadi mlangoni, akasimama hapo na sahani yake mkononi.

"Mdogo wangu, miguu yako iko nje," alimwambia, na sauti yake haikuwa ile aliyonisemea mimi.

"Niache," baba akajibu kutoka ndani. "Mama yao alikuwa anavuta blanketi kila siku. Miaka yote ile miguu yangu imelala nje."

Shangazi alirudi akaketi pembeni yangu chini, kwenye godoro, akaniwekea mkono juu ya hogo. Mimi sikuweza kuinuka kwenda kumwona. Kutoka pale nilipokuwa, mlango ukiwa wazi nusu, niliona nyayo zake mbili tu ukingoni mwa kitanda, bado zina vumbi la saruji, na baada ya muda mfupi zikaegemeana zikatulia.