Mahari au Mahali

Nilipokuwa darasa la pili, ndama wetu alitafuna daftari langu la hesabu. Baba akasema, basi, mnyama amekwisha kukupita kwa elimu, nenda kamchunge. Ndivyo shule ilivyoniishia. Kusoma nilikuja kujifunzia kwenye sanduku la bati la mama, lililobandikwa ndani magazeti ya enzi za Mwingereza ili nguo zisishike kutu. Naingiza kichwa mle kama kuku. Kuna visa vya kuchekesha, kuna barua za kuwasema vijana wanaovaa suruali pana na kwao hakuna chumvi. Mpaka leo najiuliza waliosemwa walijijua?

Sanduku ninalo hapa Mabatini. Mwaka jana akaja mwalimu mstaafu kutoka Kiseke.

"Shikamoo mzee. Nasikia una barua inayomtaja fundi ngoma wa Bujora."

"Marahaba. Ipo, kwenye mfuniko."

Fundi huyo alikuwa babu yake. Ukoo wote unasema alidai mahari ya ng'ombe wengi mno, mchumba wa binti yake akakimbia. Binti mwenyewe, mama wa huyu mwalimu, yu hai na anabisha: mchumba alitaka kumhamishia Ukerewe, yeye akakataa kuvuka maji.

"Nataka nimpelekee jinsi gazeti lilivyosema, kabla hajafa. Ila macho yangu yana ukungu. Nisomee."

Nikasoma polepole: "Kijana amemwacha binti wa fundi ngoma kwa sababu ya mahali."

Akajipiga paja. "Mahali! Mama hakudanganya." Akaomba hata chai.

Tukanywa. Katikati ya kikombe akanitazama kama natahiniwa.

"Mzee, hebu sema barabara."

"Balabala."

"Aa. Wewe ni mwenzetu kabisa." Hakucheka. "Sasa hiyo herufi kabla ya ile ya mwisho, imesimama kama fimbo au imeinamisha kichwa?"

Nikachungulia. Ningeweza kusema fimbo, nani angejua? Lakini aliniuliza kama mtu aliyeniamini.

"Imeinamisha kichwa."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda aliyeandika naye alikuwa Msukuma. Sisi tukijirekebisha tunatia r hata pasipotakiwa, kwa hiyo neno hilo nani alijuaye? Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, yeye akavaa kofia, akashika njia bila haraka. Hakurudi tena.