Nyumba ya Siku Moja

Harufu ya udongo mbichi uliokandwa na mavi ya ng'ombe hunipata popote nilipo. Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa akikandika jiko lake, nami nikasimama uani na ndoo ya maji mkononi, nikasahau nilikokuwa naenda. Mume wangu alinicheka. Ninyi msinicheke kwanza.

Nilikuwa na miaka minane hivi, miaka ya tisini ikianza, kwetu karibu na Chekalini. Mavuno yakishaisha, watoto wa boma letu tulikuwa na kazi moja tu, kujenga. Nyuma ya ghala la mahindi tulikuwa na kijiji kizima cha mabua na magunzi, chenye duka, kanisa na jela. Kontrakta alikuwa kaka yangu Barasa, aliyeweka kipande cha bua nyuma ya sikio badala ya penseli. Alitufuta kazi kila asubuhi, akatuajiri tena kabla uji haujapoa. Tuligombana sana, lakini ukuta wa fito haukuruhusu mtu kununa siku nzima. Mmoja anakaa ndani, mwenzake nje, kila mtu anasukuma tope lake mpaka matope yakutane katikati. Ukisukuma peke yako, tope lote linaangukia upande wa pili.

Ndipo wakaja Nanjala na mama yake. Walikuwa miongoni mwa watu waliochomewa nyumba katika mapigano ya kule mpakani, na baba akawapa chumba tulichokuwa tukiwekea mbolea. Mama Nanjala alimwambia kila mtu kwamba mumewe amebaki nyuma na ng'ombe, atafika tu. Kila jioni alisimama langoni akitazama barabara. Nanjala hakusema neno. Alituzidi umri kidogo. Alikaa juu ya jiwe moja karibu na ghala, akatutazama tukijenga kutwa nzima, na kusema kweli alituharibia raha. Barasa alimbandika jina la Mkaguzi.

Siku moja nilikuwa ndani ya kibanda nikisukuma tope, na nje hapakuwa na mtu kwa kuwa binamu yetu alikuwa amefutwa kazi. Mara nikahisi kiganja kikisukuma kutoka upande wa pili. Kilikuwa cha baridi, na kilijua kazi. Nilipochungulia kati ya fito, nikaona jicho la Nanjala.

Tangu siku hiyo akawa mwenzetu, ingawa bado alikuwa bubu. Kisha asubuhi moja akafungua kinywa.

"Tujenge moja kubwa," alisema. "Lakini iishe leo."

Tulifurahi mno kusikia sauti yake hata hakuna aliyeuliza sababu. Hata Barasa alimpa lile bua lake. Nanjala aligawa kazi kwa upole, huyu fito, yule maji, yule nyasi, na sisi tuliozoea kurushiana magunzi tukafanya kazi bila ugomvi. Binamu yetu alipotaka kuweka dirisha, akamwambia, "Hiyo haiwekwangi." Jiko pia hakutaka. Chumba kimoja, mlango mmoja.

Kuta zilipofika mabegani mwetu akaniita.

"Nafula, ingia ulale kidogo."

Nikalala chali kwenye udongo wenye unyevu. Akaniambia ninyooshe miguu, na nyayo zangu zikagusa ukuta. Alisimama mlangoni akanitazama muda mrefu.

"Haitoshi," alisema. "Baba ni mrefu."

Tukabomoa ukuta mmoja tukausogeza. Nilifurahi, nikidhani baba yake yuko njiani.

Tulikuwa tunaezeka wakati Kukhu, nyanya yetu, alipopita na ungo wa maharagwe. Alisimama ghafla.

"Mnajenga nini hapa?"

"Tunacheza tu, Kukhu."

"Dirisha iko wapi? Mmeanza lini?"

"Leo," Barasa akajibu kwa majivuno. "Na tunamaliza leo."

Ungo ukamtoka mkononi. Kwetu, mwanamume mwenye mke akifa hana nyumba, wanaume hukusanyika wakamjengea kibanda cha upesi, cha siku moja, ili atolewe kwenye mlango ulio wake akazikwe. Mtu hakijengi kibanda hicho kwa mchezo. Ni kuita msiba.

"Hii hatujenganga kama hakuna mtu amekufa!" Kukhu alipiga kelele, akainua mguu auvunje ukuta.

Nanjala akaukumbatia ule ukuta, tope likamjaa kifuani.

"Usivunje, Kukhu. Nyumba ya baba iliungua. Nilimwona. Amelala kwa shamba na hana nyumba."

Mguu wa Kukhu ulirudi chini polepole. Nikageuka, nikamwona Mama Nanjala nyuma yetu, ameshika mtungi. Hakuuliza alimwona wapi wala lini. Aliuweka mtungi chini, akakaa kando yake, kisha akatoa ukemi ambao hadi leo nikisikia mbwa akibweka mbali nadhani ndio unaanza.

Kukhu alipiga magoti mbele ya kile kibanda, akachota tope, akaziba tundu lililobaki. "Ingia ndani usukume," akaniambia. Niliogopa, lakini nikaingia.

Mwili haukuletwa kamwe. Nanjala na mama yake walihama kabla ya kupanda, na mvua ikakila kibanda kidogo kidogo. Baba yetu hakuwahi kulima pale. Plau ilifika ikazunguka, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Siku hizi nasikia ikisemwa kwamba watoto wakijenga pamoja hujifunza kuelewana. Ni kweli, sisi tulielewana siku ile kuliko siku zote. Lakini mmoja wetu hakuwa anacheza. Alijua nyumba ile haijengwi na mtu mmoja, na wanaume wa kwao walikuwa wametawanyika. Usiku usingizi ukinipotea namwona juu ya lile jiwe, siku zote zile, akitutazama mikono. Barasa hakukosea kumwita Mkaguzi. Alikuwa anatafuta watu wa kumzika baba yake, na waliokuwapo ni sisi.