Chumvi Yangu na Mahindi ya Bibi Nzowa

Nakumbuka siku moja kwa sauti yake: chwaka, chwaka, mahindi na chumvi vikitikiswa ndani ya chupa. Ndivyo tunavyopima mahindi hapa Mlowo kabla ya kununua. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Ikidondoka, ni makavu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua kibanda, mwanangu, na kichwani tayari nina ghala na malori yanayovuka mpaka wa Tunduma. (Hata leo ghala sina, lakini ndoto hazilipiwi ushuru.) Akaja Bibi Nzowa wa Itaka, tunayeimba naye kwaya, na gunia lake. Nikatikisa. Chumvi ikanata.

"Bibi, haya yanalia machozi," nikasema, makusudi wanunuzi wenzangu wasikie.

"Nimeyaanika mwenyewe, mama. Pima tena."

"Chupa haina ndugu, bibi."

"Kayanyunyizia maji yaongeze uzito huyo," jirani akadakia. Wakacheka. Nami nikacheka.

Bibi akafunga gunia lake taratibu. "Haya. Tutaonana Jumapili."

Mchana kila gunia lililoletwa likawa bichi. Hapo nikaingiwa na wasiwasi, nikatia chupani mahindi ya lundo langu, niliyojua ni makavu. Chumvi ikanata vilevile. Kumbe kopo la chumvi nililiacha wazi usiku kucha, ukungu ukaingia, chumvi ikanyonya unyevu. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa kemia pale shule ya kata: kabla ya kupima usichokijua, pima kwanza unachokijua. Kwenye mtihani swali hilo nililipata; kibandani nikalikosa.

Jumapili nilimwomba radhi mbele ya kwaya nzima. Akanishika mkono. "Mimi nimekusamehe, mama. Sasa nenda kawaambie waliocheka."

Nikapita kibanda kwa kibanda. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo wapo wanaomwita Bibi Maji, na mimi nikilisikia jina hilo nainamisha uso.

Mwanangu, ukisimamia biashara, usianze kwa kumpima mteja wala msaidizi wako. Anza na mzani wako, na hasira zako, na hayo majivuno. Nyani haoni kundule, na mchuuzi haoni chumvi yake. Mungu akujalie mkono mwepesi wa kupima na ulimi mzito wa kuhukumu.

Mimi, kila alfajiri kabla sijafungua kibanda, hukausha chumvi kwenye kikaango, nikatia chupani punje za lundo langu mwenyewe, nikatikisa, kisha nikaiinua chupa kwenye mwanga.