Malkia Aliyesihi Kama Anaongoza Maombi

Sisi tuliosoma shule ya Marungu kabla simu hazijaingia kila mfuko tuliigiza kwa mashairi, tena tukijiona mafundi. Nakumbuka vumbi jekundu la darasa la sita, harufu ya githeri ikitoka jikoni kwa shule, nasi tukipasua sauti kwa tamthilia iliyotungwa yote kwa beti. Mimi nilikuwa malkia. Kazi yangu ilikuwa kumsihi jemadari asimuue mwanangu: "Niachie mwana wangu."

Shida ni kwamba nilijua sauti moja tu ya heshima, ile ya mzee wa kanisa akifunga ibada. Nikifanya mazoezi nyumbani, kila mwisho wa ubeti niliteremsha sauti, na nyanya, aliyenilea, aliinamisha kichwa akajibu, "Amina." Nikajiona nyota. Siku ya kuwaonyesha wazazi, darasa zima likajibu. Hata jemadari, mtoto wa shemasi, alifumba macho na kisu mkononi.

Mwalimu Mghoi akanivuta kando. "Unamwomba nani? Mungu hana sehemu katika mchezo huu. Mwombe huyo mwenye kisu."

Nisipobadilika, akasema, malkia mwingine ataenda Voi kwenye mashindano. Na nyumbani nako nyanya alikuwa ameshakataa nisiende, kwani mbuzi wangechungwa na nani?

Niliwaza jioni nzima, kama ninavyowaza hadi leo kabla ya kununua hata sabuni. Mwishowe nikasimama mbele yake akichambua pojo, nikamtazama usoni. "Nyanya, niache niende, mbuzi nitakuchungia." Sauti haikushuka. Nilikuwa nangoja jibu.

Mikono yake ikatulia. "Leo unaongea na mimi," akasema. "Nenda. Lakini Jumamosi zote ni zako na mbuzi."

Tulienda. Hatukushinda, lakini hakuna aliyesema Amina.

Sasa nina digrii ya sanaa za maonyesho, na hapa Voi nawasaidia waigizaji vijana kusema beti. Nimewawekea rangi kwenye maandishi, mahali pa kuvuta pumzi, nikazibadilisha, kisha nikaomba radhi kwa kuzibadilisha. Wao hunitumia mazoezi kwa simu, beti zikikimbia kama makanga anayeita abiria. Nikiwaambia wakajaribu kumsihi mtu wa kweli nyumbani, hucheka na kuwataja mama zao. "Ticha, mathe hukubali kila kitu."

Hapo rangi zangu zote huniishia. Ningeweza, ningewaazima nyanya kwa jioni moja tu, awakatalie.