Bibi Mwenye Ndevu Apiga Magoti Nshamba

Kwaya yetu ya Kibeta ikialikwa mahali, igizo la bibi mchokozi ni langu. Mimi ni fundi umeme mwenye ndevu, lakini nikivaa kitenge cha mama, nikafunga mto kiunoni na kilemba kichwani, hata wazee wa kanisa hushika mbavu. Sina makuu, nasema tu kwamba naliweza.

Jumapili ya mavuno tulialikwa Nshamba, na hapo nilijitia kitanzi mwenyewe. Huko ndiko kwao mchumba wangu, na barua yangu ya posa ilikuwa kwa baba yake wiki nzima, haijajibiwa. Mzee huyo, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, alikuwa hajawahi kuniona. Mchumba alinihakikishia kwamba baba ana wageni nyumbani, hatakuja.

Alikuja. Nilimtambua kwa sababu binti yake alikuwa ubavuni pake, amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Na igizo linamtaka bibi ashuke amsalimie mzee aliyekaa mbele. Mbele mzee alikuwa yeye peke yake.

Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikamwamkia kwa heshima kwa lugha ya kwetu, "Wasibota, waitu." Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama mpaka jasho likanichuruzika chini ya kilemba, nikajua posa imekwenda na maji.

Siku tatu baadaye alituita, mimi na washenga. Nikanyoa ndevu nisitambulike. Kazi bure. Kabla mshenga hajafungua mdomo, mzee aliniuliza ni nani alinifundisha kupiga magoti vile. Nikajibu kwamba sikufundishwa; tangu utotoni nilikuwa nikimwona mama akimsalimia bibi yangu.

"Marehemu mke wangu alikuwa akisalimia vilevile," akasema. "Wanaume wengi wakiigiza wanawake huwadhihaki tu. Wewe ulikuwa umemtazama mama yako. Binti yangu naye utamtazama hivyo?"

Nikasema nitamtazama.

Mzee akageukia mlango wa ndani, akamwambia binti yake amletee mkwe kahawa ya kutafuna, zile buni kavu tunazomkaribishia mgeni wa heshima. Nilimsikia vizuri: alisema mkwe.